Jinsi ya kuwa mjumbe wa nyumba kumi ugenini, baridi na gonjwa vikija pamoja

Mdogo wangu kahamia Uingereza juzi tu, kapanga chumba, na cha kwanza alichoniuliza sio kazi wala benki, kaniuliza "dada, hivi majirani zako unawajua?" Nikacheka, maana mimi nilikaa Coventry miaka minne sijui jina la mtu hata mmoja mtaani, tukikutana ni kutikisa kichwa, basi, kila mtu anaingia ndani kwake. Nilikuja kuwajua ile baridi ya mwishoni mwa 2020 kuingia 2021, korona imekaza. Nimemwelezea kwa voisi noti mpaka koo limekauka, nikaona bora niandike kabisa asome yeye na yeyote mwingine anayeishi kwenye hizi nchi za baridi, maana gonjwa linaweza kurudi kwa jina lingine na baridi yenyewe haikosi hata mwaka mmoja.

Kwa aliyekuwa nyumbani kipindi kile, picha ndo hii. Usiku wa tarehe 4 Januari 2021 waziri mkuu akatangaza lokdauni ya tatu, shule zikafungwa kwa watoto wengi mpaka tarehe 8 Machi, ukitoka nje kufanya mazoezi unaruhusiwa kuwa na mtu mmoja tu wa nyumba nyingine, na saa kumi jioni kiza kishaingia. Machi 2020 angalau jua lilikuwa linakuja, watu walisimama mlangoni kila Alhamisi saa mbili usiku kuwapigia makofi manesi, mnaonana sura. Januari hakuna makofi, hakuna sura, ni mapazia yamefungwa tu mtaa mzima.

Kwetu Tanzania kuna mjumbe wa nyumba kumi. Umlalamikie umsifie, lakini mjumbe anajua nani kahamia, nani ana mgonjwa ndani, nani kafiwa, na nani anagombana na nani kwa ajili ya kuku. Huku hakuna huyo mtu. Sasa usisubiri kuteuliwa, jiteue mwenyewe, na usichukue mji mzima. Chukua nyumba unazoziona ukisimama mlangoni kwako. Sisi zilikuwa 22, pande zote mbili za barabara, na hata hizo zilitutoa jasho. Serikali ilikuwa na mpango wake wa watu wa kujitolea, walijiandikisha zaidi ya laki 7 na nusu, jeshi zima, ila kila kitu kinapitia kwenye apu ya simu, na bibi wa namba 14 hapo kwetu simu yake ni ile ya mezani yenye waya.

Kikaratasi, na lile swali

Anza na karatasi mlangoni, sio WhatsApp. Hapa ndo nilipokosea vibaya mno na ndo kitu kikubwa kuliko vyote nilivyojifunza, mengine yote humu unaweza kuyasahau.

Karatasi yangu ya kwanza niliandika vizuri kabisa, jina langu, namba ya nyumba, simu, na chini: unahitaji msaada? Nipigie. Nikasambaza zote 22. Hakupiga mtu. Hata mmoja. Nikasema basi watu wako sawa, kumbe yule baba wa namba 9 alikuwa siku ya tatu bila gesi ndani na watoto wawili, akilala nao na makoti.

Mtu mzima hajibu ndiyo kwenye swali la "unahitaji msaada". Mwingereza atakwambia niko sawa asante hata kama paa linawaka moto, na sisi Waswahili ndo usiseme, aibu inatukaba, tutasema tunamshukuru Mungu huku friji tupu. Sasa wiki iliyofuata nikaandika nyingine: *Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi naenda dukani na kwenye famasi. Nikuletee maziwa, mkate au dawa? Tuma meseji tu "maziwa 2".* Siku hiyohiyo nikapata meseji tano. Hiyo hiyo mitaa, watu walewale, mtu yuleyule anayeuliza. Kilichobadilika ni kwamba sasa naenda zangu dukani, yeye ananitumia tu nipitie, hajaomba kitu.

Kwa hiyo kila unachotaka kumfanyia mtu kigeuze kiwe swali dogo lenye jibu dogo. Usiulize "una joto la kutosha?" uliza "mita yako inasoma ngapi leo, yangu inanitisha". Usiulize "mnakula?" sema "nimepika maharage yamezidi, nikuachie mlangoni bakuli?" Maharage ya nazi yalipendwa mpaka na wazee wa Kipolandi wa namba 3, wakaanza kunirudishia bakuli na supu ya biti ndani, nyekundu kama damu, mara ya kwanza niliogopa kuila.

Alafu mpe kila mtu kazi. Hii nayo sio ya kuruka. Anayepokea tu anachoka haraka, anaanza kukukwepa. Bibi wa namba 14 tulimpa kazi ya kukumbusha mtaa mzima kesho linatolewa pipa lipi la taka, anampigia mtu mmoja kwa simu yake ya waya, yule anaandika kwenye grupu. Kijana wa namba 17 aliyefutwa kazi hotelini tulimpa chumvi na koleo la theluji. Mama mmoja Mjamaika aliyekuwa amejifungia kwa sababu ya kisukari akawa anawasomea watoto watatu hadithi kwa simu kila saa kumi na moja jioni ili mama zao wapike.

Daftari kwanza, grupu baadaye

Nunua daftari la shule. Ukurasa mmoja kwa nyumba moja: wapo wangapi, simu gani inapokelewa, wanatumia lugha gani, nani ana ufunguo wa akiba, famasi yao ipi. Mengine usiandike. Na daftari halitoki ndani kwako, hupigi picha ukurasa ukatuma.

Grupu la WhatsApp fungua mawili. La kwanza la habari tu, wanaandika maadmini wawili au watatu, wengine wanasoma. La pili la soga, huko watume paka, sala, malalamiko ya pakingi, wenyewe wanavyotaka. Ukichanganya yote ndani ya wiki mbili watu wameweka mute na ile habari ya maana ya bomba kupasuka haisomwi na mtu. Ugonjwa wa mtu hautajwi kwenye grupu lolote, hata kwa nia nzuri ya kuombeana. Sisi yupo aliyeandika "tumwombee jirani yetu wa namba fulani kapata korona" na watoto wa ile nyumba wakaanza kuitwa majina, ilichukua mwezi kupoza.

Kuna mitaa walibandika karatasi dirishani, kijani niko salama, nyekundu nahitaji mtu. Mimi siipendi, unamtangazia na mwizi pia kwamba humu kuna mzee peke yake anaumwa. Sisi tulitumia pazia. Wanaoishi peke yao walikubali kwamba pazia la mbele litafunguliwa kabla ya saa nne asubuhi, likiwa bado limefungwa jirani wa mbele anapiga simu, asipopokea anagonga, asipoitika anatafutwa mwenye ufunguo wa akiba. Haigharimu hata senti na mpita njia hajui kitu.

Habari ni zipi hasa

Habari ya mtaa ni ndogo, ndogo kabisa. Famasi leo inafunga saa ngapi. Kile kimteremko cha kwenda stendi kina barafu. Basi namba fulani halipiti. Maji yatakatwa kesho asubuhi. Nani ana printa. Mambo ya wangapi wamekufa leo nchini achia televisheni, watu wanayasikia mpaka yanawaumiza vichwa, wewe mjumbe lete lile ambalo televisheni haiwezi kulisema.

Kila habari iwe na vitu vitatu, nani kasema, lini, na sisi tufanye nini. Ukikosa kimojawapo subiri. Naongea kwa uchungu kwa sababu mwenyewe nilipotosha watu. Nilitumiwa kutoka nyumbani voisi noti ya kujifukiza, unajua tena kipindi kile Tanzania nyungu ndo ilikuwa habari ya mjini, mwarobaini, tangawizi, malimao, blanketi juu ya kichwa, nami bila kufikiri nikairusha kwenye grupu la Waswahili wa Coventry nikaweka na mikono ya dua. Baadaye nesi mmoja wa kwetu akanitafuta pembeni kwa upole, akaniambia hospitali ya watoto ya Birmingham, hapo jirani tu, imeripoti watoto wanaoletwa wameungua na maji ya kujifukiza wameongezeka sana tangu korona ianze. Sufuria la maji ya moto, mtoto chini ya blanketi, lazima limwagike. Nikarudi kwenye grupu nikaandika nilikosea, hivihivi, bila kujitetea. Usiifute kimyakimya, maana walioisikia tayari wamesharusha kwingine.

Matapeli nao hawalali. Mwishoni mwa Desemba 2020 huko Surbiton, London, jamaa aligonga kwa bibi wa miaka 92, akamdunga kitu mkononi akadai ni chanjo na kumchaji paundi 160. Zilikuja na meseji feki za chanjo zinazotaka namba ya kadi ya benki. Tulichofanya ni sentensi moja tu tuliyoibandika mpaka kwenye nguzo: chanjo ni bure, hakuna anayekuja kuidai pesa mlangoni. Sentensi moja, kwa Kiingereza, Kipolandi, Kipunjabi na Kiswahili.

Dukani

Pesa ndo inayovunja ujirani, kwa hiyo kuwa mkali hata kama wanakuona mchoyo. Kadi ya benki ya mtu na namba yake ya siri usipokee, hata bibi akikulilia. Piga picha risiti, mtumie, au mwachie yenyewe ndani ya mfuko. Pesa taslimu iwe kwenye bahasha imeandikwa kiasi juu. Orodha aandike yeye na aseme na mbadala, maana ukikosa maziwa ya kifuniko cha rangi fulani ukaleta ya rangi nyingine utajuta, Waingereza na maziwa yao ni kama sisi na unga wa sembe. Weka mlangoni, gonga, rudi nyuma mita mbili, subiri umwone kachukua. Hapo kwenye zile mita mbili ndo mazungumzo yalipo, usikimbie. Nyumba nyingine mimi ndo nilikuwa mtu pekee anayemwona wiki nzima.

Baridi yenyewe

Wengi wetu tunapanga nyumba zenye mita za kulipia kabla, umeme una ufunguo na gesi ina kadi, unaenda kujaza dukani. Ukiwa karantini utajazaje? Jirani anachukua ufunguo anakwenda. Lakini kumbuka mita yenyewe ina mkopo wa dharura ndani yake, bonyeza tu, utakatwa ukijaza, na Machi 2020 makampuni yalikubaliana na serikali kwamba aliye karantini apige simu, wangeweza kumtumia kadi iliyokwisha jazwa kwa posta au kumwongezea pesa. Baba wa namba 9 hakuwa anajua. Na mita ya gesi inakula malipo yake ya kila siku hata usipowasha jiko, kwa hiyo ukikaa muda bila kujaza, paundi kumi za kwanza zinaweza kumezwa zote na deni.

Boila, ile mashine ya kupasha maji na nyumba, ikizima asubuhi ya barafu kali na inatoa mlio wa glu glu glu, kabla hujampigia fundi angalia bomba dogo la plastiki linalotoka kwenye boila kwenda nje ukutani. Mara nyingi limeganda. Mwagia maji ya uvuguvugu, sio ya kuchemka, yatalipasua, au lishikie chupa ya maji ya moto, kisha washa upya. Mwaka ule kijana wa namba 17 alifufua boila nne asubuhi moja, akaanza kuitwa injinia.

Barafu ngazini, mwaga chumvi, hata ya jikoni inafaa, kijiko kikubwa kimoja kinatosha mita moja ya mraba. Maji ya moto usithubutu. Mimi nilimwaga birika zima nikajiona mjanja, baada ya robo saa yakaganda yakawa kioo, na aliyeanguka nacho ni mimi mwenyewe nikienda shifti ya usiku, nyonga iliuma mpaka Pasaka.

Chumba kimoja kiwe na joto, kama nyuzi 18 hivi, kuliko nyumba nzima ya vuguvugu. Na tafadhali, nawaomba kama dada yenu, jiko la mkaa lisiingie ndani. Nalo pia lile la kuchomea nyama bustanini. Najua kwetu tumekulia nalo jikoni, lakini kwetu nyumba zina matundu, madirisha wazi, huku tumeziba kila upenyo na sumu ya mkaa haina harufu, unalala tu huamki.

Mtu akiugua

Karantini ilikuwa siku 10. Tuliweka watu wawili kwa kila mgonjwa, mmoja wa asubuhi na mmoja wa jioni, meseji fupi tu: namba ngapi? Namba ni ya kile kidude cha kubana kidole kupima oksijeni ya damu, oksimita, mtaa wetu ulichanga tukanunua viwili vikawa vinazunguka vimefutwa na spiriti. Korona ilikuwa na ujanja huo, mtu anaongea vizuri, anacheka, huku oksijeni imeshashuka. 95 kwenda juu ni sawa, 93 na 94 piga 111, simu ya ushauri wa afya, au daktari wako, 92 kushuka piga 999, simu ya dharura, bila kujadiliana na familia Dar wanasemaje. Futa kwanza rangi ya kucha. Na hili sikiliza vizuri wewe mwenye ngozi kama yangu: utafiti wa Marekani uliotoka Desemba 2020 ulionesha hivi vidude kwa watu weusi vinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo usitazame namba peke yake, tazama inavyoshuka siku hadi siku, na mtu akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, namba iwe yoyote, piga simu.

Wasiojifungia haikuwa ukaidi, ni kodi ya nyumba. Kulikuwa na paundi 500 kwa wa kipato cha chini aliyeambiwa ajifungie na hawezi kufanyia kazi nyumbani, unaomba halmashauri, na aliyekosa vigezo kulikuwa na dirisha la pili ambalo halmashauri inaamua yenyewe. Leo hazipo tena, lakini somo ni lilelile: mjumbe akae na mtu wajaze fomu pamoja, fomu ya kurasa nyingi ukiwa na homa ni adhabu.

Chanjo hadithi yake sisi watu wa Coventry tunajidai nayo, sindano ya kwanza ilidungwa hapa kwetu, tarehe 8 Desemba 2020, Margaret Keenan wa miaka 90, na aliyefuata alikuwa mzee anaitwa William Shakespeare, naapa sitanii. Kazi ya mtaa ilikuwa usafiri: abiria siti ya nyuma upande wa pili na dereva, barakoa, madirisha wazi hata kama meno yanagongana, blanketi magotini. Kwa waliokuwa wanaogopa, sikubishana. Nilimuuliza tu unaogopa nini hasa, na mara nyingi haikuwa sindano, ilikuwa karatasi, anaogopa ataulizwa viza. Februari 2021 serikali ikasema wazi hakuna kukaguliwa viza ili uchanjwe, na hiyo habari ndo iliyopeleka watu kuliko hoja zangu zote.

Msiba ukitokea, mazishini mwisho watu 30. Sisi tuliozoea matanga ya watu mia tatu unachaguaje 30? Acha familia ichague, wengine mkae Zoom, mmoja awe mwendeshaji wa kuzima maiki za watu na Zoom ya bure hukatika dakika ya 40 kwa hiyo andaeni linki ya pili mapema, tulishawahi kukatikiwa katikati ya dua. Chakula kiendelee kupelekwa mpaka wiki ya tatu, wiki ya kwanza kila mtu analeta, ya tatu hakuna mtu.

Mambo yakitulia, funga hesabu mbele ya watu, sisi zilibaki paundi 23 tukanunua chumvi ya baridi inayofuata. Chana kurasa za daftari zenye simu na famasi za watu, mbele yao kama unaweza. Grupu la habari tulitaka kulifunga pia, ila kila jumapili jioni bibi wa namba 14 bado anapiga ile simu yake ya waya, kesho pipa lipi.